Kesi ya Gitaa Imenifuata Hadi Akron

Mimi nilivuka bahari kuja kutafuta riziki. Sikuja kuamua kesi ya gitaa. Lakini nenda kawaambie wazee wawili wa ghala letu hapa Akron, Ohio, uone kama watakusikia. Kila mapumziko ya usiku, saa ambayo mtu mwenye akili zake anatafuta kiti, chai na kimya, wao wanafungua mahakama. Shauri ni lile lile: je, bendi ya Devo iliutendea haki wimbo wa bendi ya Kiingereza ya Rolling Stones uitwao Satisfaction, au iliuchinja bila bismillahi?

Kesi yenyewe imenizidi umri. Hakuna aliyekufa, hakuna shamba linalogombaniwa. Na bado watu wazima wenye wajukuu wanapiga meza mpaka chumvi inahama.

Wa kwanza nitamwita Mzee wa Stones. Huyu anaendesha gari la kunyanyulia mizigo, nywele nyeupe kazifunga mkia, akiongea unasikia mpaka geti la pili. Wa pili ni Mzee wa Devo, mwembamba, miwani mizito, kazi yake kuhesabu makasha, na anaongea akitazama ukuta kana kwamba ukuta ndio shahidi wake. Majina yao nayahifadhi. Mmoja wao ndiye hunipa lifti alfajiri kabla mabasi hayajaanza, na mimi si mjinga.

Mzee wa Stones hufungua kwa historia. Mwaka 1965, anasema, Keith Richards, mpiga gitaa wa Stones, aliota mlio wa gitaa usingizini. Akaamka, akaurekodi kwenye kinasa sauti, akalala tena, na utepe wote uliobaki ukajaa mikoromo yake. Anavyoisimulia, utadhani yeye ndiye aliyekuwa amelala kitanda cha pembeni. Mwezi Mei wakaurekodi, kwanza Chicago halafu Hollywood, gitaa likapitishwa kwenye kile kidude cha kulikwaruza sauti, na Julai wimbo ukakaa wiki nne kileleni Marekani. “Sasa wimbo wa namna hiyo,” anauliza, “unautia mkono wa nini?”

Hapo Mzee wa Devo anatabasamu, bado anatazama ukuta. “Richards mwenyewe hakuutaka hivyo,” anasema. “Lile gitaa lilikuwa la kushikia nafasi tu. Alitaka tarumbeta. Wenzake wakamzidi kura, wimbo ukatoka. Na mwaka huo huo mwimbaji Otis Redding akaupiga kwa tarumbeta. Kwa hiyo mnachokiabudu ni rasimu!”

Mama yangu! Neno rasimu usilitamke mbele ya Mzee wa Stones akiwa na uma mkononi.

Sasa lazima mwelewe tuko wapi. Ungekuwa Cleveland, mji wa jirani, ungeweza kuwasema Devo ukaenda zako. Hapa ni Akron, mji wa matairi, mji wa Goodyear na Firestone, na Devo ni watoto wa hapa hapa. Walikuwa watano: Mark na Bob Mothersbaugh, Gerald na Bob Casale, na Alan Myers kwenye dramu. Yaani ndugu wawili wa tumbo moja, na ndugu wengine wawili wa tumbo moja, na Bob wawili. Mimi hilo ndilo linalonishangaza kuliko muziki wenyewe. Kwetu ndugu wawili hawawezi kugawana banda la kuku mpaka mjumbe aitwe, hawa wamejaza bendi nzima na wakapiga kwa mpigo mmoja.

Ingawa mpigo wenyewe, jamani, hapo ndipo kesi ilipo.

Walitoa toleo lao wenyewe mwaka 1977, halafu wakalirekodi upya kwa albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1978, msimamizi akiwa Brian Eno, kazi ikafanyika Ujerumani. Oktoba ya mwaka huo wakapanda jukwaani kwenye Saturday Night Live, televisheni ya taifa zima, wamevaa ovaroli za manjano, wanajinyongorota kwa mikato ya ghafla. Mzee wa Stones alikuwa sebuleni kwa wazazi wake. Anadai baba yake aliinuka akagonga televisheni akidhani imeharibika. Mzee wa Devo naye alikuwa akiangalia, nyumba nyingine, na anasema usiku ule ndipo alipojua kwamba hayuko peke yake duniani. Televisheni ileile, usiku uleule. Tangu hapo wanagombana.

Walinisikilizisha. Sikuomba. Nilivishwa vidude vya masikioni kwa nguvu, sikio la kulia Mzee wa Stones, sikio la kushoto Mzee wa Devo, kila mmoja na simu yake, wote wawili wakabonyeza pamoja. Nusura nimwite daktari. Nikasema, wazee wangu, hata mahakamani mashahidi hawaongei kwa mpigo. Tukaanza tena, mmoja mmoja.

Wa Stones naujua, nani asiyeujua? Umepigwa kwenye redio, kwenye harusi, kwenye mabaa ambayo mtu mwenye heshima zake hakuwahi kuingia ila alipita nje. Wa Devo ndio ulionitoa jasho. Ule mlio maarufu wa gitaa haupo! Wameutoa kabisa. Dramu zinaingia pale ambapo mguu wako haujajiandaa, besi inakwenda safari yake, gitaa linadonoa pembeni, na mwimbaji anaimba kwa sauti ya mtu aliyebanwa na kola. Mahali fulani anashikwa na neno moja tu, anamwita mpenzi, mpenzi, mpenzi, mpenzi, bila kuvuta pumzi, kama cherehani iliyonasa uzi na fundi katoka kwenda kuswali. Nikabaki namwombea huyo mpenzi aitike haraka mwenzetu asije akazimia.

“Umeona?” akasema Mzee wa Stones. “Umeona?” akasema Mzee wa Devo. Neno moja, maana mbili, na wote wananitazama mimi.

Nikakataa kutoa hukumu. Nikaomba nikalale kwanza.

Asubuhi ile nikapitia dukani kununua ndizi. Duka lenyewe wamewaondoa wanadada wa kaunta, wameweka mashine ya kujilipia. Mashine ikaniambia weka bidhaa kwenye mfuko. Nikaweka. Ikasema ondoa. Nikaondoa. Ikasema weka. Ikasema kuna kitu kisichotambulika. Ni ndizi, mama! Kichane cha ndizi, kitu kilichotambulika tangu enzi za Adamu! Akaja kijana, akabonyeza, akaondoka bila hata salamu. Weka, ondoa, subiri, weka. Halafu ikaniuliza kama ningependa kuacha bakshishi. Nimpe nani? Nimejihudumia mwenyewe! Halafu niipokee mwenyewe?

Nikiwa nimesimama pale na ndizi mkononi, huku taa nyekundu ikiwaka juu ya kichwa changu nionekane mwizi, nikasikia ile dramu ya Devo inapiga mle ndani ya kifua. Wallahi. Weka, ondoa, subiri, weka.

Basi usiku uliofuata nikatoa msimamo wangu. Nikasema wazee, huyu Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, namheshimu, lakini hebu msikilizeni vizuri. Analalamika kwamba mtu wa redio anamjaza habari zisizo na faida, mtu wa televisheni anamhubiria weupe wa mashati, na hapati kuridhika hata kidogo. Sawa. Lakini sauti yake! Hiyo ni sauti ya mtu aliyekwisha kula, akanawa, akaletewa kahawa, sasa analalamika kwa raha zake. Mtu mwenye shida hajitikisi kiuno hivyo. Yule wa Devo ndiye aliyekwama kweli. Yule amesimama kwenye foleni ya benki tangu saa mbili. Yule amepiga simu huduma kwa wateja akaambiwa bonyeza moja, bonyeza tisa, asante, tafadhali anza upya.

Mzee wa Devo akataka kunikumbatia. Nikamzuia, nilikuwa na supu.

Akaanza kunieleza falsafa yao, maana hawa jamaa wana falsafa, hata jina la bendi limetoka humo, kwenye neno la Kiingereza de-evolution: kwamba binadamu haendelei, anarudi nyuma. Nikacheka, nikidhani ni utani. Akasema mwanzo ulikuwa utani kweli, wanafunzi wa sanaa pale Chuo cha Kent, jirani tu na hapa. Halafu ikafika tarehe 4 Mei 1970, askari wakawafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam, wanne wakafa. Gerald Casale alikuwepo, na wawili kati ya waliouawa alikuwa akiwafahamu. Baada ya hapo, mzee akasema, ule utani ukawa na meno. Kwa mara ya kwanza Mzee wa Stones hakumkatiza.

Kimya hakikudumu. Mzee wa Stones akanigeukia: “Na wewe, wangekuchezea wimbo wa kwenu hivyo ungekubali?”

Swali zuri, nikiri. Nikamwambia kwetu tuna Malaika. Fadhili William kauimba, Miriam Makeba kauimba, na mwaka 1981 Boney M. wakauvika disko, wakauchezesha mbele ya Wazungu. Tukasaga meno? Hatukusaga. Tulicheza. Sisi tunagombania nani aliutunga, si nani aliuvaa. Lakini nikasema pia, na hapa ni haki ya Mzee wa Stones, kwamba wote hao waliiacha sauti ya wimbo mahali pake. Angekuja mtu akauondoa ule mtiririko wake wote, akabakiza maneno tu na kidonda cha mahari, nisingejua kama nicheke au nimpeleke kwa mjumbe.

“Haya!” Mzee wa Stones akapiga meza.

“Lakini waliomba ruhusa!” akajibu Mzee wa Devo. Na hapa akatoa karata ambayo nadhani alikuwa ameificha siku zote. Devo walikwenda New York, wakampigia Jagger mwenyewe kanda ile. Yeye akakaa akisikiliza, halafu, kwa masimulizi ya Casale na Mothersbaugh, akainuka akaanza kucheza ofisini, akasema anaupenda. Mwenye mali kacheza! Wewe jirani unalia nini?

Nikadhani kesi imekwisha. Ningekuwa mimi ningefunga faili. Mzee wa Stones akatafuna taratibu, akameza, akasema: “Mtunzi ni yeye na Richards. Kila nakala ikiuzwa, mtunzi anapata chake. Hata mimi kwa hela hiyo ningecheza.”

Na mimi hapo ndipo ninapochoka na wazungu. Ushahidi wote unao, mshitakiwa kasamehewa na mlalamikaji, na bado kesi inasonga mbele.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Napiga meza kwa vidole, weka, ondoa, subiri, weka, mke wangu ananiuliza, “Baba watoto, una homa?” Namweleza habari za Jagger na Eno na ovaroli za manjano. Anasikiliza kwa subira kubwa, halafu anauliza kama huko kazini wanatulipa kwa saa au kwa ugomvi.

Juzi ndipo akaingilia kaka mmoja wa Bukavu, kijana mtulivu wa kitengo cha kufunga makasha, ambaye tangu aajiriwe alikuwa akila wali wake bila neno. Akaomba asikilizishwe matoleo yote mawili. Wazee wakamkalisha kwa heshima, mmoja kamvutia kiti, mwingine kampa maji. Akasikiliza la kwanza macho yamefungwa. La pili vilevile. Wakangoja.

“Kaka,” akaniambia mimi, si wao, “hizi nyimbo zote mbili ni nzuri. Lakini sebene iko wapi?”

Wazee wakaniuliza amesema nini. Nikaeleza kwamba kwao Kongo wimbo una utangulizi wa kuimba kwa utulivu, halafu magitaa yanafunguka, watu wanainuka, na hiyo ndiyo sebene. Kijana kuona wameelewa nusu, akatoa simu, akaweka Franco na TPOK Jazz mezani katikati ya visahani. Tukasikiliza mpaka kengele ya kurudi kazini ikapita. Msimamizi alikuja kutufukuza, naye akasimama.

Sasa kuna kesi mpya. Mzee wa Devo anasema ile sehemu ya mwanzo ikatwe, waanzie kwenye sebene moja kwa moja. Mzee wa Stones anasema hapana, asiyevumilia mwanzo hastahili mwisho. Msimamizi, ambaye hakuna aliyemuuliza, anasema tarumbeta ndizo zinazobeba kila kitu. Na wote watatu wameniambia nilete tafsiri ya maneno yote, kufikia Ijumaa. Kilingala! Mimi mtu wa Tanga!