Mpira Mmoja kwa Watoto Sitini

Shika saa, ukae pembeni ya uwanja wa shule wakati wa kipindi cha elimu ya viungo. Kipindi ni dakika 40. Kubadili nguo na kufika uwanjani, 7 zimekwenda. Kupanga mistari na kuita majina, 5. Mwalimu kueleza zoezi, 4. Mwishoni watoto wanawe na kurudi darasani, 6 nyingine. Zimebaki 18. Sasa darasa lina wanafunzi 60, wamepangwa mistari miwili yenye mpira mmoja mmoja, na kila mtoto anakokota mpira kuzunguka vijiti kwa sekunde 20, kisha anampa mwenzake. Mstari wa watoto 30 unachukua dakika 10 kwisha. Kila mtoto anapata zamu moja, mwenye bahati mbili. Kwa hiyo aliyefaidi zaidi amesogea sekunde 40 na kusimama juani dakika 17 na ushei.

Hapo mipira ilikuwa miwili. Ukiwa mmoja, wenye vipaji 22 wanacheza na waliobaki 38 wanashangilia, au wanakaa chini ya mwembe wakipiga soga. Kwenye ratiba itaandikwa kwamba somo lilifundishwa.

Kwa maoni yangu, somo hili lipimwe kwanza kwa jambo moja: kila mtoto, hadi yule mzito wa mwisho wa mstari, alihema kwa dakika ngapi? Mengine yote, kanuni za mpira wa wavu, historia ya riadha, majina ya misuli, yaje baadaye.

Sisi tumechanganya somo na timu ya shule. Nchi yetu, Uganda, ina haki ya kujivuna. John Akii-Bua alishinda mita 400 kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati huo. Stephen Kiprotich alichukua marathoni ya London 2012. Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai walirudi na dhahabu kutoka Tokyo, na Cheptegei akaongeza nyingine Paris 2024 katika mita 10,000. Lakini timu huchagua; somo halichagui. Somo ni la yule atakayekaa juu ya bodaboda saa kumi na mbili kwa siku, la atakayeshinda ameinama shambani, la atakayekalia kiti cha ofisi mpaka kiuno kigome. Hawa hawaendi Paris, na ndio wengi.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, elimu ya viungo iliwekwa kuwa ya lazima kwa Senior 1 na 2, pamoja na Kiswahili. Masomo haya mawili yaliingia kwa mlango mmoja, na yote mawili yanajua maana ya kukopwa kipindi na mwalimu wa hisabati asiyerudisha deni. Shule za msingi nako ni hivyo hivyo: mtihani wa darasa la saba (P.7) ni Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, basi. Kisichotahiniwa hakina mtetezi.

Tuje kwenye siha yenyewe. Kila mtu anahitaji mambo matano: ustahimilivu wa moyo na mapafu, nguvu za misuli, ustahimilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, na uwiano mzuri wa mafuta na misuli mwilini. Kasi, wepesi wa kugeuka na nguvu za ghafla ni mali ya mchezaji zaidi. Hilo la tano silipi nafasi kubwa darasani. Kumpima mtoto uzito mbele ya wenzake ni kumtafutia jina la utani la miaka minne.

Moyo ndio wa kuanza nao. Moyo ni msuli. Ukipewa kazi mara kwa mara, kila pigo husukuma damu nyingi zaidi, na mtu akipumzika hauna haja ya kupiga mbio. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujisogeza kwa nguvu ya kati au zaidi, na angalau siku tatu kwa wiki awe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za nguvu ya kati. Vipindi viwili kwa wiki haviwezi kujaza dakika 60 za kila siku, hata vikiendeshwa vizuri namna gani. Kazi ya kipindi ni kumfundisha mtoto jinsi ya kuzijaza mwenyewe.

Nguvu ya kati utaijuaje bila mashine? Msikilize. Akiweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba, yuko hapo. Akisema maneno matatu ndipo avute pumzi, amepita, ni nguvu kubwa. Ile hesabu ya 220 utoe umri, ya kutafuta kikomo cha mapigo ya moyo kwa dakika, ni makisio ya watu wazima. Kwa mtoto wa miaka 12 inakudanganya.

Sasa darasa lile lile la watoto 60, bila senti ya ziada. Cheza kwepena. Kila msichana wa Kampala anaijua: wawili wanarusha kutoka pande mbili, wa katikati wanakwepa. Gawa makundi 10 ya watoto sita: wawili warushe, wanne wakae kati, umbali wa mita 10 kati ya warushaji. Kila kundi linahitaji eneo la mita 12 kwa 5, kwa hiyo makundi yote yanatosha kwenye mita za mraba 600, hata sehemu ya kumi ya uwanja wa mpira haifiki. Mipira itengenezwe na wanafunzi wenyewe kwa ebyayi, yale maganda makavu ya mgomba: kunja kaveera kuukuu, yaani mfuko wa plastiki, kuwa kiini, zungusha maganda yaliyolowekwa kidogo ili yasikatike, funga kwa kamba ya maganda hayo hayo mpaka mpira uwe mkubwa kuliko chungwa. Usifunge ukawa mgumu kama jiwe; ukibonyezwa kwa kidole gumba ubonyee.

Kuna kanuni moja lazima ibadilishwe. Katika kwepena ya mtaani anayepigwa anatoka. Darasani kanuni hiyo inamtoa kwanza yule yule mwenye mwendo mzito, na anayehitaji zoezi kuliko wote anakuwa mtazamaji wa kwanza. Anayepigwa abadilishane na mrushaji, mchezo uendelee. Piga filimbi kila baada ya dakika 3, watembee dakika 1, kisha tena. Mizunguko minne ni dakika 16, na 12 kati ya hizo ni za kuruka, kuinama na kugeuka ghafla.

Dakika za kuita majina nazo zinaokolewa. Kila kundi lina kiongozi. Watoto wakianza kukimbia polepole kuzunguka uwanja, viongozi wanapita kwako kutaja wasiokuwepo. Huko ndiko kupasha mwili moto. Wazungushe mikono, wainue magoti, warushe miguu mbele na nyuma, dakika 5 mpaka 8. Kunyoosha misuli ukiwa umesimama tuli na mwili wa baridi, kama tunavyoona kwenye mashindano mengi, ni kuanzia mwisho. Kukishikiliwa muda mrefu kunapunguza hata nguvu ya kuruka. Unyumbufu ungoje mwisho wa kipindi, sekunde 20 hadi 30 kwa kila msuli, bila kurukaruka.

Nguvu za misuli zina sifa mbaya ya kutaka vyuma. Havihitajiki. Aprili 2020, korona ikiwa imetufungia ndani, Rais Museveni akiwa na miaka 75 alijionyesha kwenye video akipiga pushapu 30 ofisini. Watu walihesabu idadi. Mwalimu aangalie namna: viganja vipana kidogo kuliko mabega, mwili mnyoofu kutoka kisigino hadi kisogo, viwiko visitanuke kama mbawa bali viwe karibu nyuzi 45 na mbavu, kifua kishuke mpaka kibaki kiasi cha ngumi kufika chini. Kiuno kikianza kuning'inia, tumbo limechoka, na hapo ndipo idadi inapoishia, awe amefika 4 au 24. Asiyeweza hata moja aweke mikono ukutani, wiki zinazofuata kwenye benchi, kisha chini.

Kuchuchumaa nako: miguu upana wa mabega, visigino visiinuke, magoti yafuate vidole vya miguu na yasiangukie ndani. Zoezi hili lina matumizi ya siku hiyo hiyo. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, nusu ya uzito wa mtoto wa kilo 40. Wengi huiinua kwa kuinama, magoti yamenyooka, mkono mmoja, mwili umepinda upande. Afundishwe kuchuchumaa karibu nayo, mgongo mnyoofu, ainuke kwa mapaja. Jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja ya 20.

Halafu kuna kichura. Mtoto akichelewa, kichura. Akipiga kelele, azunguke uwanja mara tano. Kuruka kichura mara 50 ukiwa umechoka huelemea goti, hasa pale chini ya kilegesambwa ambapo kano imeshika mfupa wa muundi, sehemu ambayo katika umri wa miaka 10 hadi 15 bado inakua na huuma upesi. Hilo la goti hupona. Baya zaidi ni kwamba kwa miaka saba tumemfundisha mtoto kwamba kukimbia ni adhabu, kisha akifika miaka 40 daktari anamwambia akimbie.

Kosa jingine huja msimu wa mashindano ya mabweni. Muhula mzima watoto wamekaa, Ijumaa wanaambiwa kilomita 5. Mwili hujengwa kwa nyongeza ndogo. Anayeanza akimbie dakika 1 na kutembea 2, mara sita. Kila wiki kukimbia kuongezeke kidogo na kutembea kupungue. Kufikia wiki ya nane wengi wanaweza dakika 20 mfululizo. Na ukiacha, faida huondoka ndani ya wiki chache. Likizo ndefu hurudisha darasa nyuma, kwa hiyo muhula mpya usianzie pale wa zamani ulipoishia.

Mwalimu pia ajue alionao. Mwenye selimundu aende kwa mwendo wake, apumzike anapotaka, anywe maji, na asilazimishwe kamwe kukimbia mpaka aishiwe. Mwenye pumu pampu yake iwe uwanjani, isiachwe kwenye begi bwenini. Aliyekuja bila uji asubuhi na bado hajala posho (ugali) ya mchana atasikia kizunguzungu, basi mpunguzie. Msichana aliye kwenye hedhi hadhuriki na mazoezi. Kinachomzuia ni kukosa pedi, kaptula na mahali pa kubadilishia nguo. Na kipindi cha saa nane mchana kihamishiwe asubuhi kama ratiba inaruhusu.

Kuhusu alama, mimi nisingetoa hata moja kwa nani kamshinda nani. Tafuta ngazi ya sentimita 30 hivi. Mtoto apande na kushuka dakika 3, mara 24 kwa dakika, darasa likipiga makofi ili mwendo usibadilike. Akimaliza akae, atafute mapigo ya kifundo cha mkono kwa vidole viwili, si kidole gumba, maana gumba lina mapigo yake. Ahesabu sekunde 15 papo hapo, kwa sababu akichelewa dakika nzima moyo umeshaanza kutulia, kisha azidishe kwa 4 na aandike kwenye daftari lake. Arudie baada ya wiki sita kwenye ngazi ile ile na saa ile ile ya siku. Aliyeanza na mapigo 38 kwa sekunde 15, yaani 152 kwa dakika, akapata 33, yaani 132, huyo amefaulu, hata kama kwenye mbio za mita 100 bado anamaliza wa mwisho.