Tumbo la ndege linaweza kutuambia bahari iko aje?

Nikitaja utafiti wa chakula cha ndege wa baharini hapa Nairobi swali huwa ni lile lile, ati kwa nini tutoe pesa kuchunguza buabua, ndege wa baharini, huko Kiunga kwa pwani ya Lamu amekula nini na wavuvi wa huko huko wanahangaika kupata barafu ya kuhifadhi samaki. Ni swali la haki na sitaki kulipita mbio, juu wengi wanaotetea huu utafiti wanaongea tu vile ndege ni wazuri, na hiyo pekee si sababu ya kutoa pesa ya umma.

Tuanze na hesabu. Kuna makadirio kwamba ndege wa baharini dunia nzima wanakula kama tani milioni 70 kwa mwaka, na hiyo haiko mbali sana na kile wavuvi wote duniani wanatoa baharini. Ukiskia hivyo mara ya kwanza unaona mshindani kabisa, na wavuvi wakilalamika huwezi kuwalaumu, lakini ukiifungua hiyo namba unapata ndani kuna krili wengi (vijidudu vya baharini kama kamba wadogo) na ngisi na visamaki vya bahari za mbali kusini, vitu ambavyo hakuna mvuvi wetu anavua.

Kwetu mambo ni tofauti hata zaidi. Buabua wengi hawapigi mbizi ya maana, wanachota tu pale juu ya maji, so wanategemea jodari na samaki wengine wakubwa wawafukuze visamaki kutoka chini mpaka juu. Ndio maana mvuvi wa Lamu ama Watamu akiona ndege wamejazana mahali anageuza mashua, na zile meli kubwa za jodari zina rada za kutafuta ndege. Sasa fikiria: ndege na jodari wanakula visamaki vile vile, kwa karatasi ni washindani, lakini ukimaliza jodari ndege analala njaa hata kama visamaki bado vimejaa, juu viko chini asikofika. Hiyo huwezi kuijua kwa kuhesabu ndege kisiwani, lazima ujue anakula nini na anakipata vipi. Kwangu hii ndio hoja yenye nguvu kushinda zote.

Halafu kuna upande wa pili, na huu unanisumbua kweli. Ndege hakuletei picha ya bahari, anakuletea kile ameweza kushika. Mtafiti akichambua matapishi ya ndege anatafuta vijiwe vya sikio la samaki, vidogo kama punje ya mchele, kila aina ya samaki na umbo lake, na kwa ukubwa wa kijiwe anakadiria samaki alikuwa mrefu kiasi gani. Kazi safi sana. Shida ni kwamba asidi ya tumbo inavila vile vijiwe, vidogo vinaisha kwanza, na mdomo mgumu wa ngisi unaweza kukaa tumboni wiki kadhaa, so ukisoma vibaya utadhani ndege anaishi kwa ngisi. Pia kile mzazi anampelekea kifaranga si lazima kiwe kile anakula mwenyewe. Nitrojeni iliyo kwenye manyoya inakuonyesha ndege yuko ngazi gani kwa mtandao wa chakula, lakini haikutajii jina la samaki. Kila njia ina upofu wake na mtu anayekuja na njia moja tu akitaka serikali ifunge eneo la uvuvi, mimi niko na wavuvi hapo.

Afrika Kusini imepitia hii vita. Pengwini wa huko wanategemea sadini na dagaa, na kutoka 2008 walijaribu kufunga uvuvi karibu na visiwa kadhaa waone kama ndege watanufaika. Wanasayansi wakabishana miaka na miaka juu ya data ile ile, wengine wakisema faida ipo, wengine wakisema ni ndogo haitoshi kumnyima mtu kazi. Ilibidi mahakama, na Machi 2025 ikatoa amri ya kufunga uvuvi kuzunguka makoloni sita ya pengwini, yaani mahali wanakozalia, kwa miaka 10. Wakati wanabishana pengwini walikuwa wanapungua tu, mpaka 2024 wakawekwa kwa kundi la walio hatarini kabisa. Naelewa waliotaka uhakika zaidi, lakini kusubiri pia ni uamuzi na kuna mtu ama kiumbe anaulipia.

Na chakula hakiishii tumboni. Utafiti uliotoka 2018 kuhusu visiwa vya Chagos, bahari yetu hii hii ya Hindi, ulionyesha kwamba visiwa visivyo na panya vina ndege wengi ajabu, kinyesi chao kinaingia baharini kama mbolea, na uzito wa samaki wote kwenye miamba ya hapo ulikuwa umezidi kwa kama nusu ule wa pale panya walipomaliza ndege. Yaani yule tunamuita mwizi wa samaki anarudisha kitu. Mvuvi anafaa kuambiwa hii kabla ya kuambiwa habari ya marufuku.

Msimamo wangu: ndio, tufanye, lakini si kwa njia yoyote tu. Kumkamata ndege na kumsukumia maji tumboni atapike, mimi nisingelipia, na hata kutembea tu katikati ya viota jua likiwaka kunaumiza, mzazi akiruka yai linapikwa kwa joto ama shakwe anakuja analibeba. Kuna njia ya upole. Buabua analeta samaki mzima ameshika mdomoni, amelala kimkingamo, unampiga picha kutoka mbali na unaona ni samaki gani na saizi gani ukilinganisha na mdomo wake. Kinyesi kinaokotwa na kupimwa DNA ya kile ndege amekula. Hapa Nairobi Makumbusho ya Taifa yana ndege waliohifadhiwa wa zamani, maelfu, na unyoya mmoja wa mkusanyiko kama huo unaweza kueleza chakula cha ndege aliyekufa kabla hatujazaliwa. Na hizo picha za Kiunga zipigwe na vijana wa Kiunga, walipwe kila msimu, sababu wao ndio wanatambua samaki kwa kumuangalia mkia tu, na matokeo wayasome kwanza wavuvi wenyewe kabla ripoti haijafika kwa ofisi yoyote huku.