Ubao wa Voronezh na ukuta wa Forodhani

Juzi kaka yangu alinitumia video kutoka Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe, Unguja. Maji yamejaa, jua linazama, na vijana wa makachu, yaani wale warukaji wa baharini, wanakuja mbio mmoja mmoja, wengine na suruali zao za jinzi, wanajirusha kutoka ukutani na kujipindua hewani kabla ya kupotelea majini. Chini ya video ameandika: "Hawa wangekuwa huko Urusi, wote mabingwa." Maneno yale yamenikaa siku tatu. Kaka ni mkubwa wangu, na sikutaka kubishana naye kwa simu, basi namjibu hapa, maana najua wako wengi wenye fikra kama yake.

Mie naishi Voronezh, mji ulio kusini mwa Moscow, kiasi cha kilomita 500. Nilikuja kusoma, nikaoa, nikabaki. Mwaka huu natimiza miaka 21. Huku ukizungumza habari za kupiga mbizi, mchezo wa kujirusha majini kutoka juu, hata dereva wa basi atakutajia jina moja: Dmitri Sautin. Kazaliwa hapa mwaka 1974, kafunzwa hapa, na ana medali 8 za Olimpiki. Alipostaafu hapakuwa na mpiga mbizi yeyote duniani aliyewahi kufikisha idadi hiyo.

Lakini habari ya Sautin ninayoipenda haimo kwenye medali. Mwaka 1991, akiwa na miaka 17, alivamiwa mtaani akachomwa visu mara kadhaa. Alilazwa hospitali kiasi cha miezi miwili. Mwaka ule ule nchi yake, Muungano wa Kisovieti, ikavunjika. Sasa mtazame huyo kijana: mwili una makovu mabichi, nchi haipo tena, na watu wazima wanaomzunguka wanahangaika na bei ya mkate. Mwaka uliofuata alikwenda Barcelona na timu ya pamoja ya zile nchi zilizotokana na mvunjiko, akatoka na shaba kwenye ubao wa mita 3, ule unaopinda na kumrusha mtu.

Hapo ndipo ninapotaka kaka yangu asimame kidogo. Ni kitu gani kilichomrudisha majini? Kipaji hakimnyanyui mtu kitandani. Sautin alikuwa na pa kurudi. Mwalimu wake, Tatyana Starodubtseva, alimchukua akiwa mtoto mdogo, na alipotoka hospitali mwalimu alikuwa yule yule, anamjua mguu wake wa kushoto na wa kulia, anajua woga wake uko wapi. Wakaanza tena polepole.

Mie nilikuwa na rafiki, tulikua pamoja tukiruka ukuta ule ule wa Forodhani. Alikuwa bora kuliko sisi sote. Siku moja aliruka maji yakiwa yameanza kupwa, akapiga bega kwenye jiwe. Alikaa na bandeji wiki nyingi. Alipopona, hakuna hata mmoja aliyemuuliza anarudi lini. Hapakuwa na wa kumuuliza. Sisi tulikuwa watoto, na wakubwa walishukuru Mungu kwamba ameacha. Leo anaendesha daladala, ana familia nzuri, na kila nikienda nyumbani hunichukua uwanja wa ndege. Bega lile mpaka leo haliinuki vizuri.

Basi tofauti iko hapo, kaka. Haiko kwenye baridi ya Urusi wala kwenye damu ya Warusi.

Baada ya Barcelona, Sautin alishinda ubingwa wa dunia Roma mwaka 1994 kwenye jukwaa la mita 10, lile gumu lisilopinda, kisha dhahabu ya Olimpiki Atlanta mwaka 1996, nayo ya jukwaani. Mwaka 1998 kule Perth alichukua ubingwa wa dunia wa jukwaa na wa ubao vyote viwili, na mwaka 2001 Fukuoka akauchukua tena wa ubao. Sydney mwaka 2000 ndiyo inayonishangaza zaidi. Mashindano ya wanaume ya kupiga mbizi yalikuwa manne, na yote manne alipanda kupokea medali: dhahabu jukwaani na Igor Lukashin kwa kuruka wawili pamoja, fedha ubaoni na Alexander Dobroskok, na shaba mbili za peke yake. Athens mwaka 2004, shaba ya ubao. Beijing mwaka 2008, akiwa na miaka 34, fedha ya ubao pamoja na Yuriy Kunakov. Kutoka Barcelona mpaka Beijing ni miaka 16. Mtoto aliyezaliwa siku ya medali ya kwanza alikuwa ameshaota ndevu siku ya medali ya mwisho.

Ubao nimeujua kwa sababu ya binti yangu, maana wakati wangu mie ubao wetu ulikuwa ukuta. Alianza akiwa na miaka 7. Kumpeleka bwawani huku ni safari: cheti cha daktari mkononi, ndapa za plastiki, kofia ya kuogelea. Na ukimaliza, bibi wa mapokezi ya makoti hakuruhusu kutoka mpaka auguse utosi wa mtoto ahakikishe nywele zimekauka, maana nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri.

Nusu ya mazoezi hawaingii majini kabisa. Wanaruka kwenye trampolini, wanafungwa mikanda yenye kamba kiunoni, wanaangukia shimo lililojaa vipande vya sponji. Siku aliporuhusiwa kupanda ubao, nilikaa karibu nikaona kitu ambacho kwenye televisheni hakionekani. Ubao ni wa aluminiamu, upana wake nusu mita, na katikati una gurudumu ambalo mrukaji analizungusha kwa wayo kuufanya ubao uwe laini au mgumu. Mtoto anapiga hatua zake, anaruka juu kidogo, anatua nchani, ubao unapinda chini. Hapo mwalimu wake alikuwa akipaza sauti neno moja tu: "Zhdi! Zhdi!" Yaani ngoja. Ukikimbilia kuruka, ubao bado unakwenda chini na wewe unakwenda juu, mnaachana, unaruka kama mtu aliyesukumwa. Ukingoja mpaka uanze kurudi, unakurusha wenyewe. Binti yangu alichukua miezi kujua kungoja kitu kisichofika hata sekunde. Mwalimu yule hakukosa siku moja.

Na msidhani nawasifia wenyeji wangu kwa kila kitu. Mwanangu wa kiume, mdogo wake, naye alianza. Siku moja, ana miaka 9, mwalimu mwingine kwenye bwawa jengine aliniita pembeni akaniambia mtoto asije tena, miguu yake mizito, hatofika popote, nafasi inatakiwa na wengine. Alisema kwa upole, lakini alisema mbele ya mtoto. Usiku ule mwanangu aliificha kofia yake ya kuogelea chini ya mto. Mfumo huu uliomtoa Sautin unawatoa watoto wengi kwa mlango wa nyuma, na wale hawaandikwi popote. Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa aondoke ukutani kwa sababu miguu yake mizito. Mnene anaruka, mwembamba anaruka, aliyekuja kutoka shamba siku ile ile anaruka, na wote wanashangiliwa. Hilo nalikosa sana huku, na nilimwambia mke wangu usiku ule kwamba natamani mtoto huyu angekulia Unguja.

Kwa hivyo mtu akiniambia tujenge kwetu kitu kama cha Voronezh, mie nasema tuchukue kimoja tu: mwalimu anayekaa. Bwawa la kina na ubao vije Inshallah vikija. Lakini watoto wa makachu leo wanatazamwa na kamera za watalii, wanapigiwa makofi na watu ambao kesho wamepanda boti. Anayewatazama mwaka mzima, anayejua nani kaumia na nani hajaonekana wiki hii, huyo hatujamuajiri.

Nasema hatujamuajiri kwa sababu yupo. Mwaka jana nilikwenda nyumbani na binti yangu, ana miaka 13 sasa. Jioni, bamvua, maji yamejaa vizuri, akaniomba aruke. Alisimama ukingoni kama anavyosimama ubaoni, mikono chini, akaniuliza kwa Kirusi, "Baba, mwalimu yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Kijana mmoja wa makachu, umri wake labda miaka 17, alikuwa amekaa pembeni na wadogo watatu walioloa. Akainuka, akaja mpaka ubavuni mwake. Akamuonyesha kwa kidole mahali penye jiwe, akamsogeza hatua mbili kushoto. Mawimbi yalikuwa yakipiga ukuta na kurudi.

"Ngoja, dada," akamwambia. "Maji yanavuta. Ngoja yarudi."

Binti yangu Kiswahili chake si kizuri, lakini neno lile alilielewa. Akangoja. Nilipogeuka kumtazama yule kijana, alikuwa ameshavua fulana yake, ameishika mkononi, macho hayabanduki kwenye maji. Binti akaruka. Kijana alihesabu kimya kimya, midomo inacheza, mpaka kichwa kilipotokeza. Kisha akavaa fulana akarudi kwa wadogo zake.

Nikamuuliza kama kuna mtu anamlipa kwa kazi ile. Alidhani namtania. Akaniambia amekuwa akiwaangalia watoto pale tangu mdogo wake mwenyewe aumie, kila jioni maji yakijaa, baada ya kutoka kubeba mizigo bandarini.

Kaka, huyo ndiye ningependa tumchangie mshahara. Mie naanza na dola 50 kwa mwezi, na nikija tena nitakaa naye tupange mengine.