Maarifa ya Ofisi Yamo Masjala

Taasisi nyingi siku hizi zina mpango wa usimamizi wa maarifa, yaani wa kuhifadhi na kutumia yale ambayo watumishi wake wanayajua. Kuna warsha, kuna mshauri mwelekezi, kuna fomu ya mafunzo yaliyopatikana inayojazwa mradi unapofungwa. Wakati huohuo, ghorofa ya chini ya jengo hilohilo kuna masjala, ofisi inayotunza majalada, na mtunza kumbukumbu hajaalikwa hata kikao kimoja. Jambo hili linaniuma, kwa sababu maarifa yanayotafutwa kwa gharama kubwa huko juu yamekwisha kuandikwa, tena yana tarehe na sahihi.

Fungua jalada lililotunzwa vizuri. Upande mmoja kuna barua, kila moja na namba yake ya folio, yaani ya mfuatano ndani ya jalada. Upande wa pili kuna madokezo: ofisa anaeleza suala na kupendekeza, mkuu wake anapinga na kutoa sababu, mhasibu anakumbusha kuwa kifungu hicho cha bajeti hakina fedha, mkurugenzi anaamua. Barua iliyotoka nje inabeba uamuzi peke yake. Anayetaka kujua kwa nini kisima hakikuchimbwa kijiji fulani, au kwa nini mzabuni wa bei ya chini alinyimwa kazi, asome madokezo. Fomu ya mafunzo haitamsaidia. Imejazwa miezi baadaye, na aliyeijaza alikuwa akimfikiria mfadhili.

Tanzania tuna msingi wa kisheria. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 iliweka kumbukumbu za ofisini na nyaraka za kihistoria chini ya idara moja, ili jalada lisimamiwe tangu linapofunguliwa hadi linapohifadhiwa au kuteketezwa. Kilichobaki ni kuwaunganisha watu. Anayepanga jalada lipi liteketezwe hajakaa na mhandisi akamuuliza bado anahitaji nini, na mhandisi naye hajui kuwa jalada lipo. Hata viwango vya kimataifa vimetenganishwa: ISO 15489 ni vya kumbukumbu, ISO 30401 vya mwaka 2018 ni vya maarifa.

Chukua suala la kustaafu. Mtumishi wa umma kwa kawaida anastaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, kwa hiyo tarehe inajulikana mapema mno. Hata hivyo tunangoja hafla ya kumuaga, tunampa zawadi, anaondoka na yote anayoyajua. Mimi ningependa miezi yake ya mwisho akae na mtunza kumbukumbu, majalada yake yakiwa mezani, aeleze: uamuzi huu ulibadilishwa kwa sababu hii, mkataba huu una nyongeza iliyo kwenye jalada jingine, hapa kuna barua haikuwahi kuwekwa. Maelezo hayo yaandikwe, yapewe namba ya folio na kuingizwa kwenye jalada lilelile. Yakipelekwa kwenye kanzidata ya pembeni, hakuna atakayeyakumbuka.

Kinachonitia hofu zaidi ni kundi la WhatsApp. Mkuu anaandika "sawa, endeleeni", kazi inafanyika, kisha simu inaharibika au mtu anahamishwa kituo. Ofisi zilizohamia kwenye majalada ya kielektroniki nazo haziko salama, maana kinachoingia kwenye mfumo ni barua rasmi, huku mabishano yaliyozaa uamuzi yakibaki kwenye simu za watu. Ningeanzia hapo: anayetoa agizo kwa simu aandike dokezo siku hiyohiyo, aseme ameamua nini, kwa sababu gani, na nani alikuwa na maoni tofauti.