Mota ya Edmonton na fundi wa Kadutu: kutengeneza au kununua mpya?

Simu ya yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ilifika Bukavu Jumapili alfajiri, wakati kule Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, bado ni Jumamosi usiku. Nje ya nyumba yake baridi ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Ndani joto lilikuwa limeshuka hadi 13, na watoto walikuwa wamelala na makoti. Mashine inayopasha nyumba joto, ile sisi wa huku tunaiita tu shofaji, ilikuwa inanguruma kidogo kisha inanyamaza. Fundi wa dharura alikuwa amekwisha kuja, akasema mota ya feni ndogo imeungua, na kuandika bei mbili kwenye karatasi: dola 1,150 za Kanada kutengeneza, au dola 6,800 kuweka mpya, na hiyo mpya ingelipwa polepole kila mwezi. Alitaka jibu usiku huohuo.

Kundi la familia kwenye simu likagawanyika papo hapo. Kaka yetu anayebobina mota za vinu na pampu, yaani anazifunga waya upya, huko Kadutu hapa Bukavu, alijibu kabla sijamaliza kusoma: "Yaya, mota haifi, inaungua waya tu. Waitoe, wafunge koili upya." Shemeji, mume wa yaya, akasema kitu cha miaka 17 kimeshazeeka, leo mota, kesho kingine. Mama akauliza kama kule hakuna makala, yaani makaa, wawashe mbabula, lile jiko la makaa, hadi kupambazuke. Tulicheka, lakini swali la mama nitalirudia.

Kaka yangu hakukosea kuhusu mashine. Shofaji ya gesi si kitu cha ajabu. Feni ndogo inavuta moshi na kuusukuma nje, kiwashio kinapata moto hadi chekundu, gesi inafunguka, halafu feni kubwa inapuliza hewa ya moto vyumbani. Feni ndogo isipovuta, mashine hairuhusu gesi kuwaka, na ndicho kilichotokea kwa yaya. Matatizo mengi ya mashine hizi ni madogo kuliko hilo. Chujio la hewa likijaa vumbi, mashine inapata joto kupita kiasi na kujizima. Kile kijiti kinachohisi moto kikichafuka, moto unawaka sekunde chache kisha unazimika. Kukisugua kwa steelwool laini mara nyingi kunatosha. Watu wamelipa mamia ya dola kwa kazi ya kusugua kijiti.

Alipokosea ni kwenye bei ya mikono. Kadutu mota ni ghali na fundi ni rahisi, kwa hiyo mota inafunguliwa, inabobinwa, inarudi kazini mara tatu, mara nne. Edmonton saa moja ya fundi inapita dola 100, na usiku wa wikendi inapanda zaidi, kwa hiyo hakuna atakayekaa nusu siku akizungusha waya. Anatoa mota nzima, anatupa, anafunga nyingine. Wote wawili wanasema "kutengeneza", lakini mmoja anauza saa zake na mwingine anauza kipuri.

Upande wa shemeji nao una uzito. Mashine hizi kwa kawaida huishi miaka 15 hadi 20, basi ya yaya iko uzeeni kweli. Tena ni ya kizazi cha zamani: katika kila dola 100 za gesi, joto la dola 80 hivi linabaki ndani, la dola 20 linatoka na moshi. Kanada ilikwisha kukataza mashine za namna hiyo. Tangu Julai 2019 shofaji mpya ya gesi inatakiwa kufikisha asilimia 95.

Wauzaji wanapenda kusimama hapo, kwenye asilimia. Mimi nilichukua kalamu. Kutoka asilimia 80 ya mashine yake hadi 96 ya mpya, gesi inapungua kwa sehemu moja ya sita. Yaya anatumia kama dola 1,200 kwa mwaka kupasha nyumba, basi angeokoa dola 200. Gawanya 6,800 kwa 200: miaka 34. Mashine yenyewe haitaishi miaka 34. Na tangu kodi ya kaboni, ile ya kupunguza moshi unaochafua hewa, iondolewe kwenye gesi ya nyumbani tarehe 1 Aprili 2025, gesi ikapungua bei, na hesabu ya kuokoa ikazidi kudhoofika. Juu ya hayo, mashine mpya haitumii bomba la moshi la zamani. Inataka mabomba ya plastiki yanayotoboa ukuta, na njia ya kutoa maji, kwa sababu moshi wake unapoa hadi unatoa maji. Hayo yote yanalipiwa. Kwa hiyo anayenunua mpya ili kuokoa gesi peke yake anajidanganya. Sababu nzuri ya kununua ni nyingine: kutokuamka tena saa nane za usiku nyumba ikiwa baridi, mabomba ya maji yakianza kuganda. Yakiganda yanapasuka, na gharama ya kurekebisha nyumba iliyolowa inaweza kuipita ya shofaji.

Mafundi wa huko wana kanuni yao: zidisha umri wa mashine kwa bei ya matengenezo, ikipita 5,000, nunua mpya. Miaka 17 mara dola 1,150 ni 19,550, basi kesi imekwisha. Lakini jaribu kanuni hiyo kwa kiwashio cha dola 300 pamoja na kazi: 17 mara 300 ni 5,100. Yaani utupe mashine nzima kwa ajili ya kiwashio kinachovunjika kama chaki! Kanuni inayosema "nunua" kila mara mashine inapozeeka, sishangai kwamba wanaouza wanaipenda.

Sasa mbabula wa mama. Hapa Bukavu, msimu wa baridi ya Juni na Julai, nani hajasikia habari ya watu waliolala na mbabula ndani, milango imefungwa, asubuhi hawakuamka? Sumu ile, monoksidi kaboni, ndiyo hiyohiyo inayoogopwa kwenye shofaji. Ndani ya mashine kuna chumba cha chuma: moto unawaka upande mmoja, hewa ya nyumba inapita upande wa pili, na chuma ndicho kinachotenganisha. Chuma kikipasuka, moshi unaweza kuingia vyumbani bila harufu. Hapo mjadala wa bei unakwisha. Mashine inazimwa, na kwa umri ule unanunua mpya bila kubembeleza. Lakini neno "imepasuka" ndilo pia linalotumiwa kutisha watu usiku. Alberta ilikataza kuuza shofaji mlango kwa mlango tangu tarehe 1 Januari 2017, na Ontario ikafuata tarehe 1 Machi 2018, kwa sababu wazee walikuwa wanasainishwa mikataba kwa hofu. Sheria hiyo haimgusi fundi uliyemwita mwenyewe. Kwake silaha yako ni moja: mwambie akuonyeshe ufa kwa kamera.

Kwa yaya, hakuna aliyetaja ufa. Ilikuwa mota tu. Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa wa kaka, ila kwa sababu nyingine: usinunue kitu cha dola 6,800 usiku, unatetemeka, kwa mtu mmoja aliyekuja na karatasi moja. Lipa 1,150 upate joto, na sharti moja, fundi apige picha chumba kile cha chuma. Kikiwa kizima, umenunua muda. Mwezi wa tano, theluji ikiisha na mafundi wakikosa kazi, ita watatu, ulinganishe bei. Shemeji bado anasema tumetupa dola 1,150 kwenye mashine itakayokufa. Labda. Ndiyo maana sikumwambia kwamba mashine itafika mbali.

Kuna jambo ambalo kwenye kundi halikusemwa. Dola 1,150 zile zilikuwa minervali, yaani karo ya shule, ya watoto wawili hapa Nguba, na tangu benki zifunge mjini Februari 2025, anachotuma yaya kwa simu ndicho kinachotembeza nyumba tatu. Sisi tulikuwa tukishauri mambo ambayo nasi tunayalipa.

Picha zilikuja Jumatatu: chuma kizima, kina kutu kidogo kwenye kona. Yaya ameanza kuweka dola 150 kila mwezi. Na mota iliyoungua hakuruhusu fundi aichukue. Iko kwenye boksi jikoni kwake, imefungwa kwa gazeti, inangoja mtu anayekuja Bukavu. Kaka ameshanunua waya.