Umeme wa Tanga Ulipiwe Bei ya Tanga?

Jirani yangu hapa Pongwe, Tanga, anachomelea mageti na madirisha. Ikifika saa moja jioni, watu wakishawasha taa, pasi na runinga, mashine yake inaishiwa nguvu. Fimbo ya kuchomelea inanata kwenye chuma, cheche zinakufa, naye anazima na kuketi. "Nangoja watu walale," huniambia. Saa sita usiku anawasha tena na kazi inakwenda. Kwa mtaa wetu tatizo ni transfoma iliyoelemewa, si Gridi ya Taifa. Lakini anayelielewa geti la jirani yangu ameshaelewa nusu ya suala linalowagawa wataalamu wa masoko ya umeme duniani: umeme upo, njia ya kuufikisha ndiyo haitoshi.

Kwetu jambo hili si la kufikirika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hata hivyo, Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja upotevu wa umeme unaosafirishwa masafa marefu kutoka kusini. Wengi waliuliza, tumejenga bwawa kubwa namna hii halafu tununue kwa wengine? Swali ni la haki. Ila anayejua laini ya kilovolti 132 inayotoka Chalinze kuja Hale, na kutoka Hale kuingia Tanga, anajua kwamba wingi wa maji Rufiji hauongezi unene wa waya wa huku. Waya ukipitisha umeme mwingi hupata joto, hurefuka na kulegea kuelekea miti iliyo chini yake. Tena msimamizi wa gridi lazima aache nafasi, ili laini moja ikianguka zilizobaki ziweze kubeba mzigo wake. Kikomo kipo hata siku ambayo kila kitu ni kizima.

Kwenye nchi zenye ushindani wa wazalishaji, kikomo hicho kinazua swali la nani alipe. Chukua mfano, namba ni za kubuni, hesabu ni ya kweli. Laini ya kuja Tanga inabeba megawati 100. Umeme wa maji upande wa pili ni shilingi 60 kwa uniti. Tanga inahitaji megawati 130, kwa hiyo 30 za ziada zitoke kwenye mtambo wa dizeli wa hapa hapa, shilingi 500 kwa uniti.

Njia ya kwanza ni bei moja nchi nzima. Msimamizi anawasha dizeli, na gharama iliyozidi, shilingi milioni 13.2 kwa saa, wanagawana wateja wote wa nchi. Njia ya pili ni bei ya mahali: uniti ya mwisho Tanga inagharimu 500, basi Tanga yote inunue kwa 500. Wateja wa Tanga watalipa milioni 65 kwa saa, wakati umeme wenyewe umegharimu milioni 21. Milioni 44 zinazobaki zinaangukia kwa mwenye kuendesha laini, kwa sababu tu laini imejaa.

Ukiishia hapo utaiona njia ya pili kuwa dhuluma. Nami nilipoikokotoa mara ya kwanza niliona hivyo. Lakini wanaoitetea wana hoja nzito, na ushahidi wake tunao mfukoni. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi: Dar es Salaam ina yake, Tanga yake, Mtwara yake, na hata ndani ya mkoa Lushoto hailingani na Tanga mjini. Hakuna anayeshangaa petroli kupanda bei inapopanda mlima. Bei hiyo ndiyo inayomwonyesha mfanyabiashara pa kujenga ghala. Umeme ukiwa na bei moja kila mahali, mwekezaji ataweka mtambo mahali ambapo laini imeshajaa, na kiwanda kitajengwa mbali na umeme wa bei nafuu, kwa sababu hakuna kinachowaonya.

Tena bei moja kwa eneo kubwa ina mwanya wake wa wizi. California, mwaka 2000 na 2001, kampuni ya nishati ya Enron ilijaza laini makusudi kwenye makaratasi, kisha ikalipwa kwa kupunguza msongamano iliyoutengeneza yenyewe. Mwaka 2009 California ilihamia kwenye bei ya mahali, kila kituo cha gridi na bei yake. PJM, msimamizi wa gridi ya Marekani anayehudumia majimbo 13 na jiji la Washington, alikuwa huko tangu 1998.

Upande wa pili nao una watu wenye maumivu ya kweli. Sweden iligawanywa kanda 4 za bei mwaka 2011. Mito mikubwa iko kaskazini, watu wengi wako kusini, na wakazi wa Malmö wamekuwa wakilipa zaidi ya wenzao wa kaskazini kwa kosa la kuzaliwa walipozaliwa. Uingereza ililitafakari suala hilo miaka kadhaa, na Julai 2025 ikaamua kubaki na bei moja, ingawa wenye mitambo ya upepo Scotland hulipwa waizime pindi laini za kwenda kusini zinapojaa.

Hapo ndipo mfano wa petroli unapopungua nguvu. Lori likikuta barabara mbovu linazunguka. Umeme hauchagui njia, unagawanyika wenyewe kwenye waya zote kwa sheria za fizikia. Na mwenye mtambo mmoja tu ulio ndani ya eneo lililofungiwa akijua Tanga haina pengine pa kununua, atataka 500 leo na 800 kesho, asipodhibitiwa kwa sheria.

Mimi nimeegemea mahali ambapo Italia ilikaa karibu miaka 20: wazalishaji walipwe bei ya kanda yao, mwananchi alipe bei moja ya taifa. Onyo linamfikia mwenye mtaji wa kuchagua mahali, halimwangukii mama wa Muheza anayewasha balbu mbili. Na zile milioni 44 za kila saa zisiingie kwenye mfuko wa jumla. Zijenge laini pale pale zilipokusanywa, la sivyo mwenye laini atanufaika ikiendelea kujaa.

Kwetu TANESCO, shirika la umeme la taifa, bado ndiyo mwenye laini na ndiyo mnunuzi, ingawa Sheria ya Umeme ya 2008 inaruhusu wazalishaji binafsi. Lakini soko la umeme la Kusini mwa Afrika, ambalo Tanzania ni mwanachama wake, tayari hutenganisha bei za maeneo laini zinapojaa, na sisi tunazidi kujiunganisha na majirani. Kwa hiyo naomba gharama halisi ya kufikisha uniti moja Tanga, saa moja jioni na saa saba usiku, itangazwe kama ya petroli inavyotangazwa, hata kabla ya kumtoza mtu yeyote. Jirani yangu ameshahamishia kazi yake usiku wa manane, akiwapisha wengine waya, na mita yake ya luku inamkata shilingi zile zile.