Siku 3 za kazi za Japani, ni za kazi kwa nani?

Watu wanaofanya kazi na Wajapani wana ubishi mmoja hauishi. Wengine wanasema dedilaini zote ziandikwe kwa siku za kazi, "faili la mishahara siku 3 za kazi kabla ya malipo", basi imeisha hiyo, wengine wanasema andika tarehe kabisa maana tarehe haina tafsiri mbili. Mi naandaa mishahara ya timu ndogo ya Tokyo nikiwa Dar, na nimeshakaa pande zote mbili, kwa hiyo nisiseme eti nina msimamo wa miaka yote.

Chukua Septemba 2026. Makampuni mengi sana Japani hulipa tarehe 25, na mwezi huo 25 ni Ijumaa, safi, hakuna wikiendi ya kusumbua. Benki inataka faili siku 3 za kazi kabla. Mtu anahesabu kwa vidole kurudi nyuma, Alhamisi 24, Jumatano 23, Jumanne 22, anaandika 22 na analala zake. Kumbe faili lilitakiwa tarehe 17, yaani siku 8 kabla!

Iko hivi, Jumatatu 21 ni sikukuu ya kuwaheshimu wazee, Jumatano 23 ni ile ya mchana na usiku kulingana, halafu sheria yao ina kifungu kwamba siku ya kawaida ikibanwa katikati ya sikukuu mbili na yenyewe inakuwa mapumziko. Jumanne imeondoka hivyo. Ndo maana hata anayezijua sikukuu zote 16 za mwaka kwa kichwa anaingia mkenge, hiyo Jumanne haimo kwenye hizo 16, imetokana nazo. Kuanzia Jumamosi 19 mpaka Jumatano 23 benki hazifanyi kazi, so unahesabu 24, unaruka mpaka 18, halafu 17. Na kama benki yako inafunga kupokea mafaili saa tisa alasiri ya Tokyo, huku kwetu ni saa tatu asubuhi, chai yenyewe hujamaliza.

Hapo watu wa tarehe wanachekelea, si tulisema, ungeandika 17 tu. Ni kweli, ila tarehe nayo haijui kujirekebisha. Mwaka 2020 mwishoni mwa Novemba, kalenda za 2021 zikiwa zimeshachapwa na zingine ziko ukutani, Japani ikapitisha sheria ya kuhamisha sikukuu 3 kwa ajili ya Olimpiki. Sikukuu ya bahari ikaenda Julai 22, ya michezo Julai 23, ya mlima Agosti 8 ambayo ilikuwa Jumapili kwa hiyo Jumatatu 9 nayo ikawa mapumziko. (Ikiangukia Jumapili wanafidia kama Kenya, ikiangukia Jumamosi imekula kwako.) Waliokuwa wameandika tarehe za mwaka mzima wakaanza kufuta moja moja, ila waliokuwa wameandika "siku 3 za kazi" kanuni yao ilibaki sahihi, kilichobadilika ni hesabu tu. Hoja hii naikubali, ndo iliyonitoa upande wa tarehe.

Shida yangu na upande wa siku za kazi ni hiyo siku ya kazi yenyewe, ni ya nani? Desemba 30, 2026 ni Jumatano. Benki ipo wazi, maana benki zinafunga Desemba 31 mpaka Januari 3, lakini ofisi za serikali zimeshafunga tangu 29. Siku moja, majibu mawili. Katikati ya Agosti ndo usiseme, msimu wa Obon, wa kuwakumbuka mababu waliofariki, viwanda vingi vinafunga watu wanaenda makwao, na serikali haina habari, kwenye kalenda ya kitaifa ni siku za kawaida kabisa. Ukiandika "siku 5 za kazi" bila kusema za nani, kila mtu anahesabu inayompendeza.

Halafu kuna upande wa kusogea. Mshahara ukigongana na siku ya mapumziko kwa kawaida unarudi nyuma, Januari 25, 2026 ilikuwa Jumapili kwa hiyo wengi walilipwa Ijumaa 23. Kampuni inaweza kuweka kanuni ya kusogeza mbele, ila kama siku yako ya malipo ni mwisho wa mwezi ukisogeza umeingia mwezi mwingine, na sheria inataka mshahara angalau mara moja kila mwezi. Kodi iliyokatwa kwenye mishahara yenyewe inaenda mbele, mwisho ni tarehe 10 ya mwezi unaofuata na ikiwa mapumziko ni siku ya kazi inayokuja. Mei 2026 tarehe 10 ni Jumapili so ni 11, ila usifurahi sana, kuanzia Mei 2 mpaka 6 nchi imepumzika, siku za kazi za Mei kabla ya hiyo 11 ni 1, 7 na 8 basi.

Kwa hiyo mi sasa hivi mkataba unabeba kanuni, na inataja siku za kazi za benki, sio "siku za kazi" hivi hivi. Tarehe zinakaa kwenye ratiba ya mwezi anayoitoa mtu mmoja tu, na wengine wote wanafuata hiyo, hakuna kuhesabu kivyako. Anayependa Excel atumie WORKDAY, fomula ya kuhesabu siku za kazi, lakini ajaze safu ya sikukuu, asipojaza fomula inaruka wikiendi tu na itamrudisha kwenye ile 22. Orodha ipo bure kwa Ofisi ya Baraza la Mawaziri la Japani, na zile Desemba 31, Januari 2 na 3 unaongeza mwenyewe maana sio sikukuu za kitaifa.

Orodha yenyewe haifiki mbali. Sisi tumezoea kusubiri mwezi uandame ndo tujue Idi lini, wao wanawasubiri wataalamu wa elimu ya anga, tarehe za zile siku 2 za mchana na usiku kulingana zinatangazwa rasmi Februari ya mwaka uliotangulia. Yangu ya 2027 imekamilika, ya 2028 Machi na Septemba nimeacha wazi mpaka Februari 2027.